Mlipuko uliohamishwa mwaka: uchambuzi wa kisa cha kukusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa zamani wa kiwanda cha chuma cha familia

Usuli

Hiki kisa nilikisimamia mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Nimeondoa majina, mji, miaka, na kitu chochote ambacho mtu wa karibu angekisoma akasema aah hawa ni fulani. Nakiandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kukaa na wafanyakazi wa zamani wa kiwanda akachukua kumbukumbu zao, hasa kiwanda kilichokuwa cha familia, maana huko kuna mtego wake na mimi niliuingia mzima mzima.

Kampuni ilianzishwa na mtu mmoja ambaye wote mpaka leo wanamwita Mzee tu, bila jina. Alianza kwa kununua na kuuza vyuma chakavu, baadaye akanunua tanuru la umeme, lile la elektrodi tatu za grafiti zinazoshuka kutoka juu, alafu akaongeza mtambo wa rola. Kwa hiyo chakavu kilikuwa kinaingia upande mmoja wa uzio na nondo zinatokea upande wa pili. Watoto wake wakakua humo humo, mmoja akashika mauzo, mwingine ufundi.

Mzee hakuwa mtu wa makaratasi. Ukiajiriwa umeajiriwa kwa mdomo, ukipandishwa cheo umepandishwa kwa kupigwa bega pale karibu na tanuru, na hata kiinua mgongo kiliahidiwa kwa mdomo, mbele ya watu, kwamba atakayefikisha miaka ishirini hataondoka mikono mitupu. Na wakati yupo hai alikuwa analipa kweli, wapo waliopata. Alipofariki watoto wakaendesha kwa muda wakashindwa, wakauza. Wanunuzi waliendelea na tanuru kwa muda mfupi wakalizima, wakawa wananunua bileti, yale mapande marefu ya chuma ghafi, zilizoyeyushwa kwingine na kuzipitisha kwenye rola tu, mwisho wakafunga kabisa. Waliokwenda kudai kiinua mgongo waliambiwa waonyeshe palipoandikwa.

Miaka imepita. Mjukuu wa Mzee anakuja kwangu pamoja na viongozi wa chama cha wastaafu wa kiwanda, wanataka kumbukumbu zikusanywe zitolewe kijitabu, na familia itagharamia. Mjukuu alitaka babu yake akumbukwe. Wastaafu walitaka ile ahadi ionekane imeandikwa mahali, hata kama ni kwa kuchelewa. Nilijua hizi ni nia mbili tofauti na sikuziweka mezani siku ile ya kwanza, nikaona zitajipanga zenyewe huko mbele. Hazikujipanga.

Raundi ya kwanza

Tuliwaita wote ukumbini kwa pamoja, wamekaa duara, mjukuu amekaa nami, rekoda katikati ya meza. Swali la kwanza nililouliza lilikuwa unamkumbukaje Mzee.

Basi nilipata hadithi tatu. Mzee alijua majina ya watoto wa kila mtu. Mzee alikuwa anakuja shifti ya usiku bila taarifa na anakaa nao mpaka chuma kimiminwe. Mzee aligharamia msiba wa fulani. Kila aliyefuata alisema mojawapo ya hizo tatu kwa maneno yanayokaribiana na ya aliyemtangulia, na kila ikiisha mtu anamwangalia yule binti, mjukuu wa Mzee. Sidhani kama kuna aliyedanganya, naamini yote yalitokea. Ila nilirudi nyumbani na saa kadhaa za rekodi ambazo ungeweza kuzifupisha kwa nusu ukurasa.

Kulikuwa na mzee mmoja, zamani dereva wa kreni, alikaa kimya muda wote, katikati ya kikao akanyanyuka akaondoka. Kwenye daftari langu niliandika: ana kinyongo, asisumbuliwe. Hiyo sentensi nitairudia.

Jambo moja tu lilitoka nje ya hizo hadithi tatu, nalo ni mlipuko. Siku moja tanuru lililipuka wakati wa kujazwa, kijana mmoja akafariki, wengine wakaungua. Nilipouliza ilikuwa lini, karibu ukumbi mzima ulijibu kwa sauti moja: wakati wa wale wanunuzi, wale hawakujali watu.

Tulichobadilisha, na kwa nini

Nilipozisikiliza rekodi kwa mara ya pili nikagundua kitu kidogo. Watu hawa walikuwa wanachanganya miaka vibaya, mtu anakuambia alistaafu kabla ya mwaka ambao amesema aliajiriwa. Lakini msimamizi mmoja wa upande wa rola, katika kupita tu, alitaja kwamba nondo ya milimita 12 ina kilo 0.888 kwa mita, na ya 16 ina 1.58, na ndivyo ilivyo haswa. Hajagusa nondo miaka na miaka na ile nukta haijamtoka kichwani. Kumbe kumbukumbu ipo nzima kabisa, mimi ndo niliyekuwa nabisha hodi mlango usio wake. Nilikuwa nauliza habari za mtu wakati wao wanakumbuka kazi.

Kwa hiyo tulifanya maamuzi manne. La kwanza, hamna ukumbi tena, tunaenda kwa mtu mmoja mmoja au wawili waliokuwa shifti moja, maana wawili wa shifti moja wanasahihishana bila aibu. La pili, mjukuu asiwepo. Hili lilimuuma na nilimweleza wazi kwamba heshima waliyonayo kwa babu yake ndiyo inayowaziba midomo. La tatu, swali la kwanza liwe: nichoree kiwanda, alafu nitembeze shifti yako tangu unaingia getini mpaka unatoka. Karatasi kubwa na kalamu, basi. La nne, kiinua mgongo tukiulize mwisho kabisa, baada ya kazi yote kuelezwa, ili kisiwe ndo kinachoongoza maelezo.

Na kabla ya kuanza tuliandikiana na familia kwamba wanaogharamia hawana haki ya kukata maneno ya mtu, ila wana haki ya kuongeza ya kwao, yakiwa na jina lao. Mjukuu alisaini. Mjomba wake naye alisaini, kwa shingo upande.

Raundi ya pili

Tofauti ilikuwa kubwa sana. Mtu aliyekuwa ametoa sentensi nne ukumbini alichora karibu asubuhi nzima, anakuonyesha lilipokuwa tanuru, kreni ya juu inapita wapi, lile kapu la kuchukulia chakavu linalofunguka chini, jinsi kifuniko cha tanuru kinavyosogezwa pembeni kreni ishushe mzigo, ndoo kubwa ya kupokelea chuma kikiwa kwenye nyuzi 1,600 hivi. Wakaeleza walivyokuwa wanajua kwa macho kama chuma kimeiva kabla hata kipimo hakijasema. Wakaeleza upande wa rola, bileti inatoka kwenye tanuru la kupashia ikiwa na nyuzi kama 1,200, inapita rola baada ya rola inazidi kuwa nyembamba na ndefu na kasi inaongezeka, na siku ikigoma kuingia rola inayofuata inaruka hewani kama nyoka mwekundu na mtu anatakiwa ajue atakimbilia upande gani kabla hajawaza. Mmoja alinionyesha kovu la mguuni, akaniambia hapa nilikimbilia kulia.

Michoro ilileta na watu wapya. Karibu kila mchoraji aliweka pale kwenye uwanja wa chakavu vialama vidogo vidogo. Hawa ni nani? Aah, wale akina mama waliokuwa wanachambua. Kwenye orodha ya chama hawakuwepo hata mmoja, kwa sababu walikuwa vibarua, wanalipwa kwa siku, na chama kiliandikisha waliokuwa na ajira. Ilituchukua wiki kuwapata wachache waliobaki, na nasema kwa moyo wote kwamba bila wao kijitabu kile kingekuwa nusu ya ukweli. Ndio waliokuwa wanatenganisha shaba na chuma kwa mikono, ndio waliokuwa wanatafuta mitungi iliyoziba na mabomba yaliyotuamisha maji, maana hivyo viwili ndivyo vinavyoua. Maji yakifunikwa na chuma kilichoyeyuka hayana pa kwenda, yanageuka mvuke kwa ghafla na mvuke unataka nafasi karibu mara 1,700 ya yale maji. Mama mmoja alinieleza bila namba yoyote, alisema maji kidogo ya kwenye bomba yanatosha kulinyanyua tanuru, na alikuwa sahihi.

Hao akina mama ndio walionipa upande wa pili wa mlipuko. Mvua ilikuwa imenyesha, mzigo ulikuwa umelowa, walisema usipakiwe kwanza, wakaambiwa tanuru linasubiri.

Sasa angalia kilichotokea kwenye michoro. Waliochora uwanja wa chakavu wakati wanaeleza shifti za kawaida waliuwekea paa. Wale wale, tulipofika siku ya mlipuko, wakasema uwanja ulikuwa wazi, mvua inapiga moja kwa moja. Nikauliza paa lilijengwa lini. Hakuna aliyejua mwaka ila wote walijua ni baada ya ajali. Nikaenda kwa mjukuu kumwomba picha za zamani na kwenye albamu ya familia kuna picha Mzee mwenyewe amesimama chini ya lile paa, jipya, mbao za mafundi bado zipo pembeni.

Yaani mlipuko ulitokea wakati wa Mzee. Miaka kadhaa kabla wanunuzi hawajakanyaga pale.

Matokeo

Niliwarudia mmoja mmoja na ile picha, sikuwaita pamoja, sikutaka mtu aumbuke mbele ya wenzake. Wengi waliitazama kimya kwa muda mrefu. Wawili walikataa, wakasema picha inaweza kuwa ya jengo lingine, na kijitabu kimeandika kwamba wamekataa. Mmoja aliomba maelezo yake yatolewe yote na tukayatoa.

Mjomba aliacha kugharamia aliposoma sehemu ya ajali. Mjukuu alibaki, akaongeza kurasa zake mbili chini ya jina lake, na kijitabu kikatoka chembamba kuliko tulivyopanga. Kwenye madai ya kiinua mgongo hakuna kilichopatikana kwa wanunuzi, mwanasheria aliyetusaidia alisema muda wa kudai umepita na ushahidi wa mdomo pekee haubebi, na hilo bado linaniuma kila nikikutana na mmoja wao.

Kitu kimoja kilizaa ambacho hatukukipanga. Michoro na maelezo ya shifti yalikuwa na orodha kamili ya nani alisimama wapi kwa miaka mingapi, na kati ya vitu walivyotaja ni glovu na aproni za asbesto walizovaa kujikinga na joto, na vumbi la kubomoa matofali ya tanuru kila yalipochakaa. Magonjwa ya mapafu ya asbesto huweza kuchukua miaka ishirini, thelathini au zaidi kujitokeza na daktari akikosa historia ya kazi ya mgonjwa anaweza asiyawaze kabisa. Tulimwandikia kila aliyetaka karatasi yake moja ya historia ya kazi aende nayo hospitali. Waliokwenda nayo walisikilizwa tofauti.

Uchambuzi: kwa nini mlipuko ulihama

Hili limeshawahi kuonekana mahali pengine. Kule Terni, Italia, mji wa viwanda vya chuma, kijana mfanyakazi aitwaye Luigi Trastulli aliuawa na polisi tarehe 17 Machi 1949, wafanyakazi walipotoka kuandamana kupinga nchi yao kuingia NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Miongo baadaye mtafiti alipowahoji wazee wa mji, wengi walisema aliuawa mwaka 1953, kwenye vurugu za watu kufukuzwa kazi kiwandani. Waliisogeza ile maiti mbele miaka minne kwa sababu kufa kwa ajili ya ajira kulileta maana kwao kuliko kufa siku ile ilivyokuwa. Mtafiti yule hakuitupa ile tarehe ya makosa, aliichukua kama habari juu ya watu wenyewe, kwamba ndivyo jambo lilivyowakaa moyoni.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo ila sababu ni nyingine. Terni walisogeza kifo kiwe na maana, wetu walisogeza kifo kisimguse Mzee. Kwenye kiwanda cha familia hukumbuki idara wala sera, unakumbuka uso. Mazuri yote yana uso wa Mzee, kwa hiyo baya lolote likibaki kwenye miaka yake linakuwa limefanywa na yeye, halina ofisi ya kujificha. Ilibidi lihamie kwa wageni, ambao tayari walikuwa na dhambi ya kukataa kiinua mgongo. Hakuna aliyekaa akapanga. Lilihama lenyewe kidogo kidogo, kila likisimuliwa.

Na gharama yake ni ile ambayo sikuitegemea. Kwa kuuhamisha mlipuko walimnyang'anya Mzee na paa. Aliona kijana amekufa, akajenga paa juu ya uwanja wote wa chakavu, na hamna hata mmoja ukumbini aliyelitaja, kwa sababu paa bila mlipuko halina hadithi. Mjukuu alipoelewa hili ndipo alipoacha kuogopa sehemu ya ajali. Kurasa zake mbili zinahusu paa.

Kuhusu ahadi ya mdomo nina maneno machache. Watu husema tatizo ni kwamba mwenye kampuni alikuwa kama baba kwa wafanyakazi. Alfred Krupp kule Essen, Ujerumani, naye alijiona baba wa wafanyakazi wake, na alikuwa mkali hata kwenye siasa zao, lakini mwaka 1872 alitoa kanuni kuu ya kampuni kwa maandishi, ndani yake mna wajibu wa mfanyakazi na mna pia mifuko ya msaada na pensheni. Ubaba ulioandikwa unamzidi umri baba. Wa Mzee wetu ulizikwa naye, na nadhani yeye mwenyewe hakulijua hilo, maana kwake neno lilikuwa linatosha na hakuwahi kulivunja.

Kilichoshindikana kabisa

Nirudi kwa dereva wa kreni. Miezi baada ya kikao cha ukumbini mmoja wa wale akina mama aliniuliza kama nimeshaongea naye, nikamjibu kwamba yule ana kinyongo. Akanishangaa. Akaniambia mwanangu, yule hasikii.

Alikaa miaka juu ya tanuru linalonguruma, na tanuru la umeme likianza kukata chakavu kelele zake hupita desibeli 100 kwa urahisi, wakati kiwango kinachoshauriwa kwa saa nane ni 85. Ukumbini hakusikia hata swali moja, aliona tu watu wanamwangalia binti wa familia na kutikisa vichwa. Nami nikaandika kinyongo. Nusu ya watu niliowahoji walikuwa na shida ya masikio kwa kiwango fulani na sikuwahi kuliweka hilo kwenye maandalizi, kwenye kazi ya kusikiliza watu wa kiwanda cha chuma. Sina la kujitetea hapo.

Nilimwendea na maswali yameandikwa kwa herufi kubwa. Alisoma, akaanza kujibu, na kila alipofika kwenye kazi yenyewe maneno yalikwisha akawa anaongea kwa ishara za kreni, maana huko juu hakuwahi kutumia sauti. Kidole juu na kuzungusha, nyanyua. Kidole chini na kuzungusha, shusha. Mkono umenyooka kiganja chini unapepea, simama. Mimi nilikuwa na rekoda ya sauti tu. Kuna dakika nyingi kwenye rekodi ile ambazo unasikia kiti kinalia na pumzi yake, na ndizo dakika nilizokuwa nazitafuta tangu mwanzo.

Nilimwandikia swali la siku ya mlipuko. Kapu lilikuwa limening'inia juu ya tanuru, kifuniko kimeshasogezwa. Alinyoosha mkono, kiganja chini, akapepea: simama. Akataja jina la aliyempa ile ishara, msimamizi wa shifti, marehemu sasa. Alafu akashusha mkono, akaelekeza kidole chini, akazungusha: shusha. Hapo hakutaja jina.

Nilimwandikia: hii ya pili ilitoka kwa nani? Aliisoma, akaitazama mikono yake, akanijibu kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Andika ile ya kwanza."